Anagonga meza na kusema "basi, imetosha": hii ni sala au manung'uniko?

Msomaji wa Hombolo

Mbukwenyi wana jukwaa. Naomba msaada kwa anayeufahamu ushairi wa dini wa Kiingereza cha zamani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni msomaji katika kanisa letu la Anglikana huku upande wa Hombolo. Mchungaji wetu ana mitaa mingi, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada naiongoza mimi. Jumatano tunakutana nyumba kwa nyumba, tunasoma Neno, tunaombeana, tunakunywa chai, kila mtu anarudi kwake.

Binti yangu anasoma fasihi chuo kikuu hapa Dodoma. Likizo iliyopita alikuja na karatasi alizotoa kopi, mashairi ya watu wa karne ya 17: John Donne, George Herbert, Henry Vaughan. Akanisomea barazani shairi moja la Herbert liitwalo "The Collar". Nikamwambia rudia. Akarudia. Usiku nikaichukua ile karatasi nikaisoma mwenyewe kwa tochi ya simu.

Mtu anagonga meza na kusema basi, imetosha, naondoka. Anauliza: sina mavuno mengine ila mwiba, wa kunitoa damu tu? Anasema divai ilikuwepo kabla majonzi yangu hayajaikausha, na nafaka ilikuwepo kabla machozi yangu hayajaizamisha. Je, mwaka umepotea kwangu peke yangu?

Mjue kwanza mwaka niliokuwa nao. Nina nusu ekari ya zabibu. Mvua ilinyesha vichala vimeshaanza kuiva, zabibu zikapasuka na kuoza zikiwa juu ya mzabibu. Zilizosalimika, mnunuzi tuliyemtegemea hakuleta gari. Kiasi nilikamua mchuzi wa zabibu, kiasi tukagawa kwa majirani, nyingine wakala nguruwe. Uwele nao kwelea kwelea waliushukia, tukabaki na mabua. Na kila Jumapili nasimama mbele ya watu nasema Mungu ni mwema. Naamini ni mwema. Lakini ile meza aliyoigonga huyu Mwingereza niliisikia mpaka mkononi mwangu.

Jumatano iliyofuata nikawasimulia wenzangu kwa Kiswahili. Watu walinyamaza. Mama mmoja aliyefiwa na mume mwaka huu aliomba nirudie pale pa mwiba. Ila mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akasema: haya ni manung'uniko, ndiyo yaleyale ya wana wa Israeli jangwani waliokumbuka vitunguu vya Misri, na si kazi ya msomaji kuyaleta kwenye ushirika. Alisema kwa upole kabisa.

Kwa hiyo naulizia. Shairi hili ni sala au ni manung'uniko? Na kama ni sala, nimweleze vipi mzee wangu bila kumvunjia heshima?

Kijana wa Kwaya, Mpwapwa

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Pole na zabibu. Mbona Biblia imejaa hayo? Zaburi ya 88 inaishia gizani, hakuna shukrani mwishoni. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Yeremia akamwambia Bwana wazi, umenihadaa. Mzee wako anayajua maandiko hayo kuliko wewe na mimi. Mwonyeshe hayo, hao Waingereza waache chuoni. Sioni kwa nini watu wetu wafundishwe kulia na mtu wa miaka 400 iliyopita wakati tuna Zaburi na tuna nyimbo zetu.

Mwalimu Mstaafu, Dodoma mjini

Mwanangu Msomaji, pole kwa zabibu, pole kwa uwele. Nimefundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita mpaka nilipostaafu, na kati ya washairi wote niliowafundisha Herbert ndiye niliyeondoka naye shuleni. Kila Kwaresima namsoma. Utanivumilia nikisema kwa kirefu.

Kwanza, mzee wako hakukosea. Hesabu mishororo ya "The Collar", ni 36. Katika 32 ya kwanza yule mtu hazungumzi na Mungu hata mara moja. Anazungumza na moyo wake. Anaushawishi: matunda yapo na mikono unayo, achana na huo ubishi baridi wa lipi linafaa na lipi halifai, hofu zako zifunge kamba uziweke kando. Huko si kuomba. Mzee aliyezoea kusikia watu wakiomba amesikia vizuri kwamba hapo hakuna anayeombwa. Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza inasema wana wa Israeli walinung'unika katika hema zao. Huyu naye ananung'unika ndani mwake, mlango amefunga.

Ila swali langu kwako: ulipowasimulia Jumatano, uliwafikisha mwisho? Umetuandikia hapa hadi pale pa mwaka kupotea, ukaishia hapo. Kama na wao waliishia hapo, wamepata kesi bila hukumu. Mishororo minne ya mwisho inasema: nilipokuwa nazidi kufoka, ukali ukiongezeka kwa kila neno, nikahisi nasikia mtu anaita, "Mtoto!" Nami nikajibu, "Bwana wangu." Hapo limekwisha.

Sasa tazama kilichotokea. Hakuna hoja yake hata moja iliyojibiwa. Hakuambiwa divai imekwenda wapi, wala mwiba ni wa nini, wala kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Hakukaripiwa pia. Ameitwa, na ameitwa anavyoitwa mtu wa ndani ya nyumba. Na aliyemwita amesikia maneno ambayo hayakusemwa kwake. Hapo ndipo mimi huacha kusoma nikakaa kwanza. Miaka yote tunawafundisha watu kwamba Mungu husikia sala. Herbert anasema alisikia hata kile kilichosemwa kwa kumpa mgongo.

Kisha rudi kwenye neno la kwanza kabisa la shairi. Hasemi "nagonga meza". Anasema niligonga. Anasimulia jambo lililokwisha pita, akiwa amesharudi. Kila neno la hasira humo ndani limeandikwa na mtu ambaye tayari amekwisha kusema "Bwana wangu". Kwetu makanisani jambo hilo lina nafasi yake na wazee ndio wanaolilinda: ni ushuhuda. Mtu anasimama anasema, nilikasirika, niliacha kuja kanisani, nilitamka hivi na hivi, ndipo Bwana akaniita. Hakuna mzee anayemkatisha anapofika kwenye sehemu mbaya, kwa sababu anajua anaelekea wapi. Basi mpelekee mzee wako shairi hili kama ushuhuda wa kasisi mmoja wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1633, umsomee lote.

Niseme kuhusu vina, maana hapo napenda kukaa. Sisi tuliokuzwa na mashairi ya vina na mizani tunaliona tatizo la "The Collar" kabla hata ya kuelewa maneno. Mshororo mmoja una mizani kumi, mwingine nne, mmoja una mizani tatu tu. Kina cha mshororo wa 3 hakipati mwenzake mpaka mshororo wa 10. Cha mshororo wa 7 kinangoja hadi wa 11. Ukisoma kwa sauti unajikwaa, na ndivyo alivyotaka, kwa sababu msemaji amekataa kufungwa na utaratibu wowote. Lakini chukua kalamu ufuatilie. Hakuna mshororo hata mmoja ulioachwa bila kina! Vyote vimepata wenzao, vingine karibu, vingine mbali. Na katika ile minne ya mwisho vina vinapishana kwa zamu, safi, kama beti la mtu mtulivu. Yule aliyekuwa akipiga kelele kwamba yuko huru kama barabara alikuwa ameshikwa muda wote. Herbert alikuwa na uwezo wa kuandika beti zilizonyooka kila siku. Kitabu chake kimejaa. Hapa alivunja kwa makusudi, na akavunja kwa hesabu.

Tazama pia vitu alivyovitaja: meza, divai, nafaka, mwiba, damu. Wewe unayesaidia kwenye Ushirika Mtakatifu huhitaji kuelezwa. Anaigonga meza huku analalamika kwamba hana divai wala nafaka. Analalamikia mwiba, na tunajua miiba ilivikwa kichwani mwa nani. Hana habari amesimama wapi.

Ni nani huyu mtu? Alizaliwa mwaka 1593 huko Montgomery, Wales, katika familia kubwa. Mama yake, Magdalen, alikuwa rafiki wa John Donne. Alipofariki mwaka 1627 Donne ndiye aliyehubiri kumbukumbu yake. George alisoma Trinity College, Cambridge, na mwaka 1620 akawa msemaji rasmi wa chuo kikuu, cheo kilichowafikisha watu kwa mfalme. Akaingia pia bungeni mwaka 1624. Kila mtu alitegemea atapanda. Mfalme James akafa mwaka 1625, njia ile ikafungika, na afya yake ilikuwa mbovu siku zote. Mwaka 1630 akapewa daraja la ukasisi na kupelekwa Bemerton, parishi ndogo ya mashambani karibu na Salisbury. Alihudumu miaka isiyofika mitatu, kifua kikuu kikamwondoa Machi 1633 kabla hajatimiza miaka 40.

Akiwa kitandani alimtumia rafiki yake Nicholas Ferrar daftari la mashairi. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake, anasimulia ujumbe uliokwenda nalo: kwamba humo Ferrar ataona picha ya mapambano mengi ya kiroho yaliyopita kati ya Mungu na nafsi yake, kabla hajaweza kuitiisha kwa Yesu Bwana wake, kwamba akiona linaweza kumfaa mtu yeyote maskini aliyevunjika moyo, alichapishe, la sivyo alichome. Ferrar hakulichoma. Kitabu, *The Temple*, kilitoka Cambridge mwaka huohuo 1633.

Mtu maskini aliyevunjika moyo. Yule mama aliyeomba urudie pale pa mwiba ndiye aliyeandikiwa.

Kijana wa Kwaya, mwanangu, nakubaliana nawe kuhusu Zaburi, na Herbert mwenyewe angekubali. Zimejaa kwenye mashairi yake. Ila usiseme tumwache chuoni. Huyu alikuwa kasisi wa kijijini. Waliomzunguka walikuwa wakulima.

Na wewe Msomaji, kwa kuwa ni mtu wa zabibu, tafuta "The Agonie". Beti tatu tu. Anaanza kwa kusema wenye elimu wamepima milima na vina vya bahari, wamewapima hata wafalme, lakini vitu viwili vikubwa ni wachache wanaovipima, dhambi na upendo. Anayetaka kuijua dhambi aende Mlima wa Mizeituni, amwone mtu aliyekamuliwa kwa maumivu mpaka nywele, ngozi na mavazi vimelowa damu. Dhambi ndiyo shinikizo. Anayetaka kuujua upendo aonje kile kilichotoka pale mkuki ulipotoboa ubavu msalabani. Upendo ni kinywaji kitamu ambacho Mungu wangu anakisikia kama damu, na mimi kama divai. Nyuma yake kuna Isaya 63, yule aliyekanyaga shinikizoni peke yake. Wewe umekamua mchuzi kwa mikono yako, unajua zabibu inavyokuwa ikitoka pale.

Herbert, Donne na wenzao wanaitwa washairi wa kimetafizikia, na aliyelipa neno hilo nguvu ni Samuel Johnson katika karne ya 18, naye hakuwapenda. Alisema mawazo yasiyohusiana kabisa wameyafunga nira pamoja kwa mabavu. Kwa baadhi yao ana haki. Richard Crashaw wakati mwingine ananichosha. Kwa Herbert namkatalia. Shinikizo la zabibu na bustani ya Gethsemane havikufungwa kwa mabavu. Nabii aliviweka pamoja zamani.

Mkazi wa Kondoa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Mwislamu na nimeufuata mjadala huu kwa sababu ya ushairi. Mwalimu, ahsante, nimejifunza.

Niliposoma kwamba yule mtu anazungumza na moyo wake nikakumbuka *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Huyo naye, baada ya dibaji, anaukabili moyo wake. Lakini mwelekeo ni mwingine kabisa. Sayyid Abdalla anaukanya moyo: kwa nini umeghururika na dunia? Anaupeleka Pate, mji wa kale wa pwani, uone majumba ya matajiri yalivyobaki magofu, vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi wanakoroma ndani. Moyo ndio unaokaripiwa. Kwa Herbert, kama nimeelewa, ni yeye anayeuchochea moyo uasi.

Nina shaka na jambo moja, nalisema kwa heshima. Kwetu mja anaruhusiwa kumshtakia Mola wake. Nabii Yaakub, katika Surat Yusuf, anasema anamshtakia Allah sikitiko lake na huzuni yake. Ila anasema kwa adabu, na alikuwa amelia mpaka macho yamepofuka. Hakugonga kitu. Sasa ushairi ukimfundisha kijana kwamba hasira ni njia ya kumfikia Mungu, je, wote watafika kwenye ile "Bwana wangu"? Wengine watabaki mezani. Nadhani mzee wa Msomaji aliliogopa hilo, na mimi namuunga mkono kidogo.

Muuguzi, Mvumi

Habari zenu. Naomba niongeze habari za Donne, maana ndiye nilianza naye, na maneno yake nayahitaji kazini.

Mwishoni mwa mwaka 1623 Donne, akiwa mkuu wa Kanisa Kuu la St Paul's jijini London, alishikwa na homa kali, karibu afe. Akaandika ugonjwa wake hatua kwa hatua tangu dalili ya kwanza, kitabu kikatoka mwaka 1624. Hatua ni 23: kuanza kuumwa, kulala kitandani, kuitwa daktari, daktari kuogopa, dawa, madoa mwilini, mpaka nafuu na hofu ya ugonjwa kurudi. Ni nathari, si ushairi, ila ni mtu yuleyule. Kilichonishika ni mpangilio wake. Kila hatua ina sehemu tatu: kwanza anatafakari hali ya mwanadamu, halafu anahojiana na Mungu, na mwisho anaomba. Mara zote 23, kwa utaratibu huo. Yale mahojiano yana ukali. Lakini kila mara sala inafuata, na haiji kabla.

Ndugu wa Kondoa, nimeyaelewa maneno yako. Wodini nimewaona waliobaki mezani. Nimewaona pia wale ambao ndugu waliwakataza hata kulia, wakaambiwa kuwa na imani, wakageukia ukutani wasiseme neno tena na mtu yeyote. Mimi hao ndio wananiogopesha zaidi.

Katika kitabu hicho cha Donne ndimo yalimo yale maneno maarufu ya kengele. Donne yuko kitandani, anasikia kengele ya kanisa la jirani ikimlilia mtu, anasema usitume kuuliza inamlilia nani, inakulilia wewe. Vijiji vya huku makanisa mengi kengele yao ni ringi la gari lililoning'inizwa mtini, linapigwa kwa chuma. Likilia asubuhi siku ambayo si ya ibada, mtu anasimamisha jembe. Sihitaji kuelezwa alichosikia Donne. Na alikuwa na wa kuwakumbuka: mdogo wake Henry alifia gerezani mwaka 1593 baada ya kumficha padre wa Kikatoliki, na mke wake Anne alifariki mwaka 1617, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa 12, naye alizaliwa mfu. Kila nikimpokea mama mwenye uchungu wa mimba ya nane au ya tisa namkumbuka Anne.

Msomaji wa Hombolo

Shikamoo Mwalimu. Nawashukuru nyote.

Mwalimu, ni kweli siku ile sikuwafikisha mwisho vizuri. Mwisho niliusema, lakini harakaharaka, chai ilikuwa inaletwa. Juzi jioni nilikwenda nyumbani kwa mzee na karatasi. Nikamwambia nimeleta ushuhuda wa kasisi mmoja wa zamani. Nikamsomea lote kwa Kiswahili, polepole, mpaka "Mtoto" na "Bwana wangu".

Alikaa muda. Akaniambia nisome tena mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na baada ya kuitwa, alifanya nini?" Akasema ushuhuda wa kweli una kesho yake. Wengi wanaitwa siku ya semina wakalia, wiki ijayo hawapo.

Kwa hiyo nakuletea swali lake. Pia yule mama ameniomba nimwandikie shairi lingine la mtu huyuhuyu, si la hasira. Nimpe lipi?

Mwalimu Mstaafu, Dodoma mjini

Marahaba mwanangu. Mzee wako angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Hilo ndilo swali la kumuuliza Herbert, na kitabu chake kinalijibu kwa mpangilio wake.

Funua ukurasa baada ya "The Collar". Shairi linalofuata ni "The Glimpse", nalo linaanza kwa kuiuliza furaha: unakwenda wapi, si ndiyo kwanza umefika? Ameitwa mtoto, amejibu, na kesho yake furaha imeshachukua mzigo inaondoka. Herbert hakulificha hilo. Halafu mashairi machache mbele unakutana na "The Call", beti tatu fupi, karibu kila neno lina silabi moja tu, anamwita Bwana aje: Njia yangu, Kweli yangu, Uzima wangu. Safari hii anayeita ni yeye. Mweleze mzee hivyo. Alifanya kazi ya parishi, alianguka tena, akaita. Ndivyo alivyoenda mpaka mwisho.

Ndugu wa Kondoa, hoja yako ya adabu siipuuzi. Ukimsoma Donne ndipo utashtuka: katika soneti moja anamwomba Mungu autwange moyo wake, auvunje, auchome, aufanye upya, kwa sababu umetekwa kama mji na hauwezi kufungua lango lake. Herbert ni mpole mno ukimlinganisha. Na *Al-Inkishafi* umeiweka mahali pake. Kama kuna mwalimu anayesoma hapa angefundisha mashairi haya mawili kipindi kimoja, ningekuja kukaa dawati la nyuma.

Kwa yule mama, wengi wangempa "Love", shairi linalofunga sehemu kuu ya kitabu: Upendo anamkaribisha mgeni, mgeni anarudi nyuma kwa aibu ya dhambi zake, Upendo anamshika mkono akitabasamu, anamuuliza macho yako aliyaumba nani kama si mimi. Mgeni anasema basi nitahudumu mezani. Anaambiwa hapana, keti ule. Akaketi, akala. Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa wa ukoo wa Kiyahudi, alilikariri na kulirudia kichwa kilipomuuma vibaya sana mwaka 1938, na aliandika kwamba wakati mmoja akilisema Kristo mwenyewe alimshukia. Mpe, lakini mpe baadaye. Mtu aliyefiwa karibuni hajawa tayari kuketi mezani, hata chakula cha kweli hakipiti.

Mwanzishie "The Flower". Beti saba za mishororo saba. Anasema ni nani angedhani moyo wangu uliosinyaa ungepata tena ukijani? Ulikuwa umekwenda chini ya ardhi kabisa, kama maua yanavyokwenda kumwona mama yao, mzizi, na huko pamoja wanavumilia hali mbaya ya hewa bila dunia kuwaona. Kisha anasema, baada ya vifo vingi hivyo, nanusa tena umande na mvua. Usimweleze maana. Msomee beti la pili na la sita, ukimwona anataka zaidi msomee zote. Na kama ataomba asomewe usiku, mtafute mwanamke mwenzake amsomee.

Binti yako akija likizo aniandikie hapa jukwaani. Nina nakala mbili za *The Temple*. Moja nimeiandika kalamu pembeni kila ukurasa, hiyo siitoi, ila ile safi ni yake.